Fursa nje ya darasa: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo kikuu

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma maombi ya wanafunzi wanaotafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo. Wasifu mwingi hufanana: jina la chuo, wastani wa alama, kisha klabu sita au saba, kila moja na neno "mwanachama" pembeni. Ninachotafuta mara nyingi hakimo. Natafuta mstari mmoja tu unaoniambia kwamba huyu alishika jambo, akalifikisha mwisho, na yupo mtu anayeweza kulithibitisha. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuupata mstari huo kabla hujavaa joho, bila kuyaumiza masomo.

Hatua ya 1: Hesabu saa zako kwanza

Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku zinabaki 112. Toa mihadhara, maabara na semina, tuseme saa 20, kisha toa saa 25 za kujisomea. Unabaki na 67. Kula, kufua, safari, ibada, simu za nyumbani na siku za kuumwa vinakula kama 40. Zilizobaki ni 27, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanazigawa zote.

Chukua 6 tu. Ziandike kwenye ratiba kama unavyoandika mhadhara: saa mbili za Jumanne jioni, saa nne za Jumamosi asubuhi. Katika muhula wa wiki 14 hizo ni saa 84, na saa 84 zinatosha kuandaa ripoti, kutengeneza programu ndogo inayofanya kazi, au kuendesha mradi mmoja wa klabu tangu mwanzo hadi mwisho. Mitihani ikikaribia, saa hizo zirudi kwenye vitabu, na wale unaofanya nao kazi waambie wiki tatu kabla. Ukitoweka kimya kimya umeharibu jina lako kwa watu ambao ungewahitaji baadaye.

Kama una somo la kurudia, simamia hilo kwanza. Baadhi ya fursa nitakazozitaja zina kiwango cha chini cha alama, na hakuna barua tamu itakayokuvusha ukiwa chini yake.

Hatua ya 2: Tafuta pengo lako

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika unachoweza kufanya. Ya pili, ushahidi wake uko wapi. Ya tatu, nani ameuona. Mwanafunzi wa takwimu ataandika "kuchambua data" katika safu ya kwanza, "mazoezi ya darasani" katika ya pili, kisha kalamu itasimama. Karibu kila mtu niliyemfanyisha zoezi hili safu yake ya tatu ilikuwa tupu, na hilo ndilo pengo la kuziba.

Chagua fursa kwa kuangalia pengo, usiangalie ukubwa wa cheo. Mwanafunzi wa uhasibu ambaye hajawahi kushika hesabu za taasisi yoyote atafaidika zaidi na uweka hazina wa klabu ya watu 30 kuliko uenyekiti wa jumuiya kubwa. Kama mweka hazina ataandika kila fedha inayoingia na kila inayotoka, atabandika stakabadhi, mwisho wa mwezi atalinganisha daftari lake na taarifa ya benki, na atasimama mbele ya wanachama wanaouliza fedha ya usafiri ilikwenda wapi. Akimaliza mwaka bila tofauti, hesabu zikakabidhiwa kwa maandishi, ana jambo la kueleza kwa nusu saa kwenye usaili.

Mshika mbili moja humponyoka, nami nilishika nne. Mwaka wangu wa pili nilijiandikisha klabu ya mdahalo, ya mazingira, ya ujasiriamali na ya uandishi. Nilihudhuria vikao vingi na kupigwa picha nyingi, na mwaka ulipoisha hakuna hata klabu moja ambayo ningeweza kusema bila mimi jambo fulani lisingefanyika. Mwaka wa tatu nilibaki na moja, na kila kilichonifaa baadaye kilitoka humo.

Hatua ya 3: Nenda habari zinakopita

Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha mwaka 1973 utafiti juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Waliobaki walionana naye kwa nadra, au mara moja moja. Sababu yake inaeleweka: rafiki unayelala naye chumba kimoja anajua yale yale unayoyajua wewe, ilhali mtu wa mbali anaishi kwenye mazungumzo mengine.

Kwa hiyo tafuta watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mwanafunzi aliyekutangulia miaka miwili katika fani yako. Muulize likizo iliyopita alikuwa wapi na aliomba lini. Wa pili ni katibu wa idara yako, kwa sababu barua za nafasi hupita mezani pake kabla ya kufika kwenye ubao wa matangazo, na mara nyingine haziufikii kabisa. Wa tatu ni mhitimu anayefanya kazi unayoitamani. Usimwombe kazi. Mwombe dakika 15 akueleze siku yake ya kazi inavyokwenda, na kabla ya kuagana muulize ni nani mwingine ungefaa kuzungumza naye. Swali hilo la mwisho huzaa kuliko mengine yote.

Hatua ya 4: Chagua aina ya fursa

*Utafiti na mhadhiri.* Hii ndiyo fursa iliyo karibu zaidi na wengi hawaioni, kwa kudhani utafiti ni wa wanafunzi wa shahada za juu. Chuo cha MIT cha Marekani kilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao tangu 1969, na vyuo vingi vimefuata. Chuo chako kikiwa hakina mpango rasmi, barua fupi hutosha. Kwanza soma makala mbili za mhadhiri unayemlenga, za karibuni. Kisha andika hivi:

"Daktari, kwa heshima naomba dakika chache zako. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nilikuwa kwenye somo lako la takwimu muhula uliopita. Nimesoma makala yako kuhusu maji ya visima, nikajiuliza kwa nini vipimo vya msimu wa mvua vimewekwa kwenye jedwali la peke yake. Nina saa sita kwa wiki hadi mwisho wa muhula. Naweza kuingiza na kusafisha data, na niko tayari kufundishwa kazi nyingine. Je, iko sehemu ya kazi yako ambayo msaada huu ungefaa? Naweza kufika ofisini Alhamisi mchana au Ijumaa asubuhi."

Barua hii inaonyesha umesoma, umetaja muda ulio nao, na umemrahisishia jibu. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku kumi, kisha andikia mwingine.

Ukikubaliwa, utaanza na kazi inayochosha. Mimi nilikabidhiwa madodoso 300 niyaingize kwenye kompyuta. Kufika kama la 200 niliona mtu kabla yangu alikuwa ameandika 99 kila mahali ambapo umri haukujazwa, na programu ilikuwa ikizihesabu hizo 99 kama miaka halisi. Wastani wa umri wa akina mama waliohojiwa ulikuwa umepanda bila mtu kushtuka. Nilimwandikia mhadhiri, tukazisahihisha, na jina langu likaingia kwenye shukrani za makala ile. Kosa kama lile halionekani na anayesoma jedwali la mwisho. Linaonekana na aliyeshika madodoso yenyewe, na ndiyo sababu kazi hiyo ya chini ina thamani.

*Mafunzo kwa vitendo.* Mwaka 1906 Herman Schneider alianzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana kati ya darasa na kiwanda, kwa imani kwamba yapo mambo ambayo mhandisi hawezi kuyajifunza akiwa amekaa darasani tu. Wazo hilo limeenea duniani, ila ubora wa mafunzo unategemea mno ofisi uliyoangukia. Ningekushauri uchague ofisi ndogo yenye msimamizi atakayekaa nawe kuliko jina kubwa litakalokuacha kwenye mashine ya kunakili.

Kabla ya kuanza, pata maandishi yanayotaja muda, majukumu, msimamizi ni nani, kama kuna posho, na nani anagharamia ukiumia kazini. Wiki ya kwanza mwambie msimamizi: "Ningependa mwisho wa mafunzo nikukabidhi kitu kimoja kilichokamilika. Kipi kingewafaa?" Swali hili hubadilisha jinsi wanavyokuona. Inaweza kuwa orodha ya vifaa vya stoo iliyohakikiwa, mwongozo wa kutumia mashine fulani, au ripoti ya malalamiko ya wateja kwa miezi mitatu. Wiki ya tatu ikifika hujajifunza kitu, omba kikao uliseme hilo kwa adabu. Kufanya kazi bure kwa miezi mingi huku hufundishwi ni kutumiwa, na una haki ya kuondoka.

*Mashindano.* Uzuri wake ni kwamba unapimwa na watu wasiokujua. Kwa wanaosoma kompyuta kuna ICPC, mashindano ya vyuo ya kuandika programu ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1970: timu ya watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Hiyo kompyuta moja ndiyo somo lenyewe, kwani wawili lazima wafikiri kwenye karatasi wakati mmoja anaandika. Wanasheria wana Jessup, mahakama ya mfano ya sheria za kimataifa iliyoanza 1960, ambako timu huandika hoja za mlalamikaji na za mlalamikiwa pia, ikabidi uutetee hata upande usioupenda. Katika midahalo ya vyuo ya mtindo wa bunge la Uingereza, timu nne za watu wawili wawili hupewa mada dakika 15 kabla, na kila msemaji ana dakika saba. Usingoje uwe tayari ndipo ujiandikishe. Jiandikishe, tarehe ikusukume.

*Kazi za hiari mtandaoni.* Hizi nazipigia debe kuliko zote kwa mwanafunzi asiye na nauli wala mtu anayemjua. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye umri wa miaka 21, alipotangaza mwaka 1991 Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta aliouita jambo la kujifurahisha tu. Leo Linux inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Programu huria za namna hiyo ziko wazi kwa yeyote. Google Summer of Code, iliyoanza 2005, huwalipa wanaoanza kuchangia kwenye miradi hiyo, na tangu 2022 si lazima hata uwe mwanafunzi. Namna ya kuingia ni hii: chagua programu unayoitumia mwenyewe, soma maelekezo yake ukiwa mgeni kabisa, na pale unapokwama rekebisha maelezo, uwatumie. Mchango wa kwanza unaweza kuwa sentensi mbili. Wa tano utakuwa msimbo.

Wasiosoma kompyuta nao wana pao. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa 2004, huchorwa na watu wa kujitolea kwa kufuata picha za setilaiti. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, wachoraji wa nchi nyingi walichora barabara na majengo ya Port-au-Prince kwa siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Ipo pia Wikipedia ya Kiswahili, iliyofunguliwa 2003, ambayo inahitaji sana watu wa famasia, jiolojia, sheria na kilimo wanaoweza kueleza fani yao kwa lugha hii. Kila hariri inabaki na tarehe na jina la akaunti yako, kwa hiyo ushahidi unajiandika wenyewe.

*Kwenda chuo kingine.* Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ilianza 1987 na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11 za Ulaya, na sasa baadhi ya nafasi zake ziko wazi kwa vyuo vya nje ya bara hilo. IAESTE hupeleka wanafunzi wa sayansi na uhandisi kufanya kazi nchi nyingine, AIESEC hushughulikia fani za aina nyingi, na zote mbili zilizaliwa 1948. Wanafunzi wa tiba wana IFMSA, shirikisho lao la kimataifa, la tangu 1951. Kabla ya kushangilia barua ya kukubaliwa, pata majibu mawili kwa maandishi: masomo utakayochukua huko yatahesabiwa chuoni kwako, na nani analipa tiketi, viza na bima. Nimemwona kijana akirudi na kukuta muhula mzima hautambuliwi.

Hatua ya 5: Omba kama mtu anayejua anachoomba

Anza na tarehe. Tangazo likisema mwisho ni saa 5:59 usiku, angalia ni usiku wa wapi. Mwenzangu mmoja alikosa ufadhili kwa saa tatu kwa sababu hakuona kwamba muda ulikuwa wa nchi ambako usiku huingia kabla ya kwetu. Jiwekee tarehe yako ya mwisho siku tatu kabla ya ile yao, kwani mtandao hulemewa usiku wa mwisho.

Wasifu wa mwanafunzi utoshe ukurasa mmoja. Kila mstari uanze na kitendo na uishie kwenye matokeo. Badala ya "Mweka hazina wa klabu ya mazingira", andika "Nilitunza hesabu za klabu ya wanachama 30 kwa mwaka mzima, nikalinganisha daftari na benki kila mwezi, nikakabidhi ripoti ya mwisho iliyopitishwa na mkutano mkuu". Barua ya maombi nayo ijibu maswali matatu kwa aya tatu: kwa nini nafasi hii hasa, umewahi kufanya nini kinachofanana nayo, na utawaachia nini. Mpe mtu aisome kwa sauti mbele yako. Pale atakapojikwaa, sentensi hiyo iandike upya.

Jihadhari na matapeli, maana wanajua kiu ya wanafunzi. Nafasi ya mafunzo inayodai ulipe kwanza "ada ya usajili" kwa namba ya simu ya mtu binafsi, achana nayo. Angalia anwani ya barua pepe herufi kwa herufi. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, usitumie ile iliyo kwenye tangazo. Usitume nakala ya pasipoti wala taarifa za benki kabla hujathibitisha. Na wakikuhimiza uamue ndani ya saa moja, hiyo pekee inatosha kukufanya ukatae.

Utakataliwa, na zaidi ya mara moja. Jibu kwa mistari mitatu: shukuru, uliza ni jambo gani moja lingeimarisha ombi lako, na sema utaomba tena msimu ujao. Wengi hawatajibu. Atakayejibu atakuwa amekupa kitu ambacho waombaji wengine hawana.

Hatua ya 6: Andika kila siku

Nunua daftari dogo au fungua faili moja, na kila siku ya kazi andika mambo manne: tarehe, ulichofanya kwa namba, kilichokwama, na aliyekusaidia. "Nimeingiza madodoso 42. Swali la 7 halisomeki kwenye fomu sita. Nimemuuliza msimamizi, amesema tuziweke kando." Inachukua dakika tano. Ukiiacha kwa wiki mbili huwezi kuirudisha, kwa sababu kumbukumbu huhifadhi hisia ikadondosha namba.

Kila mwezi mpelekee msimamizi nusu ukurasa kutoka humo, umuulize kipi ufanye tofauti. Na kazi ikiisha, kabidhi: faili ziko wapi, nini hakijakamilika, anayefuata aanzie wapi. Makabidhiano mazuri ni machache kiasi kwamba watu huyakumbuka miaka.

Hatua ya 7: Omba barua ya mapendekezo ingali mapema

Iombe ndani ya mwezi mmoja baada ya kumaliza kazi, hata kama huihitaji leo. Uliza hivi: "Je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri?" Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine, kwani barua ya jumla jumla humdhuru mwombaji. Akikubali, mpe angalau wiki tatu, na umtumie kila kitu kwa mkupuo: tangazo lenyewe, tarehe ya mwisho, wasifu wako, na matukio matatu kutoka kwenye daftari pamoja na tarehe zake. Mhadhiri anayefundisha wanafunzi 200 hatakumbuka ile Alhamisi uliyogundua zile 99. Mkumbushe kwa mistari miwili, naye ataiandika kwa maneno yake mwenyewe, na msomaji wa barua ile ataona kwamba imeandikwa na mtu aliyekuwepo.